Mistari ya Juu

Siku mkono wa kulia wa Oresta Mligo ulipomkinga uso bila yeye kuuambia, alikuwa akimpima koti mwanamume aliyetaka kumwoa.

Sigfridi Mahenge alikuwa amesimama mbele ya kioo cha duka la ushonaji, kifua mbele, naye Oresta amezungusha futi kiunoni mwake. Nje ilinyesha ile mvua nyembamba ya Njombe isiyo na haraka ya kwisha. Walikuwa wakizungumza habari za ndoa kama watu wazima wanavyozizungumza, bila kulitaja neno lenyewe: paa la nyumba yake linavuja upande gani, sebuleni panaweza kukaa cherehani ngapi. Simu ya Mahenge ikaita. Ilitoka kiwandani kwake, kule anakopasulia mbao. Lori moja lisilo na dereva lilikuwa limepotea njia na kumwaga magogo katika shamba la viazi la mtu. Mahenge alisikiliza kidogo, kisha akapaza sauti.

"Nilikwambia nini?" alifoka. "Wewe, nilikwambia nini?"

Mkono ukaruka. Kiwiko kilipanda hadi usawa wa nyusi, kiganja kikageukia nje, vidole vikatanuka, na bega la Oresta likamvuta nyuma hadi akagonga meza ya kukatia vitambaa. Alibaki hivyo, amejificha nyuma ya kiganja chake cha chuma na mpira, akajikuta haogopi chochote. Hilo ndilo lililomshangaza. Moyo wake ulikuwa umetulia. Aliyeogopa ni mkono.

Mahenge alishusha simu polepole. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Mkono wako una hitilafu," alisema, sasa kwa ile sauti yake ya chini ambayo Oresta aliizoea.

"Sijui umepatwa na nini. Haujawahi."

"Nenda kesho asubuhi ukafutwe."

Alilichukua koti lake la zamani, akalivaa, akaondoka kabla vipimo havijaisha. Oresta aliokota futi kwa mkono wa kushoto. Alikumbuka kwamba katika miezi yote ya Mahenge kuja na kwenda pale dukani, hakuwahi kumsikia akipandisha sauti, hata kwa fundi aliyemchelewesha. Lakini hilo halikumsumbua sana kama lile neno. Mkono ukiharibika, mtu husema ukaangaliwe, ukatengenezwe. Kufutwa ni neno la mafundi wa viungo. Mfanyabiashara wa mbao alilitoa wapi?

Mkono ule alipewa miaka mitatu baada ya ajali ya barabarani iliyomchukulia wa kwake. Ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya watu wa viwanda vya mbao. Kwenye kifundo ulikuwa na sikio dogo, sawa na punje ya dengu, ili ukisikia msumeno ujiondoe wenyewe kabla ya akili ya mtu kung'amua. Tena ulijifunza. Kila alichoufanyisha ulikiweka kumbukumbuni, na kesho yake ulikifanya vizuri zaidi. Matundu ya vifungo ndiyo yaliyompa jina mjini. Tangu mwezi wa kwanza mkono uliyadarizi kwa uzi mara mbili, ukingo wake umekaa kama ufito, na Oresta, ambaye zamani hakuwa hodari wa matundu, alidhani kiwanda kiliutuma ukiwa na ujuzi huo.

Na ni matundu yaliyomleta Mahenge. Siku ya kwanza aliingia ameshika shati aliloazima kwa mtu aliyemwona nalo kanisani, akauliza nani ameshona matundu haya. Oresta alijibu kwa fahari. Sasa alikaa kwenye kiti chake cha cherehani na kujiuliza ni mwanamume gani huingia kanisani akaangalia matundu ya vifungo vya mwenzake.

*

Fundi wa Kituo cha Viungo aliitwa Editruda Luoga, mwanamke mrefu wa maneno machache, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alichomeka waya kwenye kiwiko cha mkono, akageuza skrini ili Oresta naye aone, kwa sababu sheria ilitaka hivyo.

"Kila unachofanya na mkono huu ni mstari katika faili," alisema. "Tarehe, kilichousukuma, na mwendo wenyewe. Ukiuwasha asubuhi, kuna programu fupi inayolifungua hilo faili. Hii hapa."

Kwenye skrini palikuwa na mistari michache:

faili = fungua("mwendo", "soma")
kwa kila mstari katika faili: jikumbushe(mstari)
funga(faili)
faili = fungua("mwendo", "ongeza")

"Inasoma kwanza," Editruda aliendelea. "Kusoma hakugusi kitu. Ni kama kuchungulia sufuria bila kutia mwiko. Halafu inafungua tena kwa kuongeza, na kila utakalofanya leo linabandikwa chini ya yale ya jana. Yaliyokuwemo yanabaki."

"Na mkono ukihamishwa kwa mtu mpya?"

"Bohari ya viungo hufungua kwa neno la tatu. Andika. Ukifungua faili kwa andika, linafunguka likiwa tupu. Hata kama hujaandika herufi moja, kilichokuwemo kimeshakwenda, hakirudi."

Alibofya kurudi nyuma hadi kumbukumbu ya siku mkono ulipotoka bohari. Akavaa miwani. Alisoma mstari mmoja mara mbili.

"Hapa hawakutumia andika," alisema mwishowe. "Mtu wa bohari ameweka ongeza."

"Maana yake nini?"

"Maana yake wewe si wa kwanza humu ndani."

Oresta aliutazama mkono uliolala mezani, umeunganishwa na waya kama mgonjwa. Alikumbuka matundu ya vifungo.

"Nitaufuta sasa hivi," alisema Editruda, vidole vikisogea kwenye herufi. "Ndiyo kanuni. Mabaki yakionekana, yanafutwa siku hiyo hiyo."

"Subiri kwanza. Una haraka ya nini?"

"Sina haraka. Ni kanuni. Na mchumba wako alipiga simu asubuhi, akauliza kama umeshafika, na kama tutaufuta leo. Nikamwambia tutaufuta."

Oresta hakuwa amemwambia Mahenge kwamba angekwenda asubuhi ile. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya waya.

"Nisomee kilichotokea jana."

"Ya jana ni yako, naweza kuisoma. Ya yule mwingine siwezi. Mwendo wa mwili ni siri ya mwenye mwili. Nikiufungua mstari wake mmoja, nimepoteza kazi."

"Nisomee ya jana."

Editruda akaandika kwenye skrini, neno la pili likiwa soma. Oresta aliliangalia mpaka akahakikisha. Mistari ya jana ikatiririka: shika sindano, vuta uzi, zungusha futi. Kisha: kinga uso. Na pembeni yake kilichousukuma: sauti ya pili, imepanda.

"Sauti ya pili ndiyo nini?"

"Mkono huzipa sauti namba kwa jinsi ulivyozisikia. Ya kwanza ni ya mwenye mkono. Ya pili ni ya mtu wa pili kuongea karibu nao tangu ulipofungwa mara ya kwanza." Editruda alivua miwani. "Yako wewe ni ya mbali sana huko chini."

Mtu aliyepaza sauti jana dukani alikuwa mmoja tu.

"Alifariki mkewe," Oresta alisema. "Miaka minne sasa. Aliniambia aliteleza kwenye ngazi za kiwanda."

"Mimi hayo sijui, dada."

"Nani anaruhusiwa kusoma yote?"

Editruda aliangalia mlango kabla ya kujibu. Hakimu, alisema. Kwa idhini ya mwenye mwendo, na akiwa marehemu, kwa idhini ya ndugu yake wa kwanza, ambaye ni mume. Isipokuwa mume awe ndiye anayeshukiwa, hapo ni mzazi. Na mahakama haikubali nakala, kwa kuwa nakala huweza kupikwa. Inataka faili lenyewe, ndani ya mkono wenyewe, halijaguswa tangu ombi lilipopelekwa.

"Ukiuwasha hata mara moja, umeongeza," alisema. "Ukiongeza, wakili yeyote atasema limechezewa. Halafu kuna jambo jingine. Faili limejaa. Likijaa, programu inaondoa mistari ya juu kabisa ili ipate nafasi ya mipya. Imeanza kufanya hivyo. Kila tundu unaloshona, mstari wa mwenzako mmoja unaondoka. Imebaki mingapi siwezi kukwambia, maana sijaruhusiwa kuihesabu."

"Uzime," Oresta alisema.

"Utafanyaje kazi?"

"Uzime tu."

Mkono ulitoa mlio mdogo, vidole vikalegea. Editruda aliandika kwamba mteja amekataa kufutiwa, akamsogezea pahali pa kuweka kidole gumba. Oresta alitoka akiwa hajui kama yule mwanamke angesubiri afike barabarani ndipo apige simu.

*

Mahenge alikuja nyumbani jioni yake, parachichi ndani ya mfuko wa khaki, akaketi pale anapoketi siku zote. Oresta alikuwa ameufunga mkono kwa khanga shingoni.

"Wameufuta?"

"Wanasubiri kifaa kutoka Mbeya."

Ulikuwa uongo, na ulimtoka kirahisi kuliko alivyotarajia. Alimtazama mtu huyu aliyekuwa akimletea kuni wakati wa baridi na kumsubiri amalize kazi bila kulalamika. Alimpenda, au alikuwa njiani kumpenda. Mkono umeruka mara moja tu. Labda sauti ya pili ni ya mwingine anayefanana naye, kaka yake, baba yake. Labda yule mwanamke aliyeuvaa mkono kwanza aliogopa kila mtu. Unawezaje kumtia mtu hatiani kwa sababu chuma kimeshtuka?

"Nataka kukuuliza," alisema. "Marehemu mkeo, Digna, alikuwa na mikono yote miwili?"

Mahenge alikuwa akilibonyeza parachichi kuona kama limeiva. Aliendelea kulibonyeza.

"Kwa nini unauliza?"

"Nitaingia nyumba aliyoishi. Napenda kumjua."

"Alikuwa mzima kama wewe ulivyokuwa zamani. Mikono miwili." Alilirudisha parachichi mfukoni. "Hebu nipe huo. Kesho naenda Mbeya, nitaupeleka mwenyewe."

"Acha, watanipigia."

"Oresta, nipe."

Hakupaza sauti. Alisogeza kiti, akaingiza vidole chini ya khanga, akaushika mkono pale penye mkanda unaoufunga na mwili. Alijua bizimu ya mkanda iko upande gani. Watu wengi huipapasa, kwa kuwa imefichwa upande wa ndani. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja. Mkono uliozimwa haukufanya kitu. Oresta alibana kiwiko ubavuni na kubaki amemkazia macho, akisikia pumzi yake karibu.

"Kamwene," sauti ya jirani ilisalimia kutoka uani. Alikuwa amekuja kuazima pasi.

"Kamwene, mama. Ingia," alijibu Oresta, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mahenge aliachia. Alimsalimia jirani kwa heshima, akauliza habari za wajukuu, akaaga. Maparachichi yalibaki mezani na hakuna aliyeyala.

*

Kutoka kwa Mahenge mwenyewe Oresta alijua mambo mawili tu kuhusu Digna: kwamba alikuwa wa ukoo wa Sanga, na kwamba kwao ni Bulongwa, kule Makete. Ilimtosha. Alipofika Bulongwa alioneshwa nyumba ya mama yake Digna, Yustina Sanga, ambaye alikuwa uani akianika pareto kwenye mikeka. Maua meupe yalikuwa yamefunika nusu ya ua, na mikono ya mama ilikuwa na vumbi la njano hadi viwikoni. Kitenge alichojifunga begani kilikuwa kimelegea, akikivuta kila alipoinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali, viatu vyako vinasema."

Oresta hakujua aanzie wapi. Alifungua khanga, akautoa mkono. Mama Yustina aliufuata kwa macho, kisha akasogea, akakigeuza kidole kidogo. Ubavuni mwake palikuwa na alama ya kuungua, mpira umekunjamana. Oresta aliikuta ile alama alipopewa mkono, akadhani ni kasoro ya kiwanda.

"Pasi," alisema mama. "Alikuwa amekaa hapo mlangoni ananinyooshea nguo za kwenda ubatizo. Huu umeupata wapi?"

"Nilipewa hospitali. Mama, Digna alikuwa na mkono wa namna hii?"

"Alipoolewa alikuwa na wa kwake aliopewa na Mungu. Msumeno wa mumewe ndio uliouchukua, mwaka wa kwanza tu. Wakampa huu." Alikaa chini kwenye ukingo wa baraza. "Kwani wewe umeambiwaje?"

"Mumewe aliniambia Digna alikuwa na mikono yote miwili."

Mama Yustina alimsogezea nafasi barazani. Oresta alimweleza yote: duka, simu, mkono kuruka, sauti ya pili, faili lililoachwa bila kufutwa. Alieleza kwa maneno ya kawaida, na mama aliyafuata bila shida, akiuliza tu pale ambapo Oresta alikwenda kasi.

"Basi uwashe," alisema alipomaliza. "Uwashe kidogo unishike. Jeneza lilikuja limefungwa, mwanangu. Sikumshika."

Oresta aliugeuza mkono. Kuwasha kulihitaji kidole kimoja tu, upande wa ndani wa kifundo.

"Nikiuwasha, utaongeza. Ukiongeza, mahakama haitausoma."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Upepo ulipita ukaikunja pembe ya mkeka. Mama aliirudisha kwa mguu.

"Na wakisoma, wanasoma yale ya siku ya mwisho?"

Hapa Oresta alitamani kudanganya. Njia nzima alikuwa akijiuliza kama angeweza.

"Wanasoma yote yaliyobaki. Wanaanza juu wanashuka, kwa sauti, mbele ya watu, naye akiwa amekaa pale anasikiliza. Alivyooga. Alivyolala. Alivyojifuta machozi. Mkono haukuwa unachagua cha kuandika."

"Digna alikuwa na haya," alisema mama. "Hata kula mbele ya wageni alikuwa anageukia ukuta. Leo hii asomwe kama gazeti?"

"Ndiyo maana nimekuja kuuliza. Ukikataa, nitarudi Njombe nikaufute, na sitasema kwa mtu."

"Na huyo utaolewa naye?"

"Hapana."

"Ataoa mwingine."

Mama Yustina aliuchukua mkono, akauweka mapajani, akaanza kuusugua kwa viganja vyake vyenye pareto kama mtu anayempasha mtoto joto. Alisugua kwa muda. Mkono ulibaki ulivyo.

"Baridi," alisema. Kisha akaurudisha. "Usiuwashe. Niambie kidole naweka wapi."

*

Ombi lilipelekwa mahakamani, na kesi ikachukua muda wake. Oresta alishona kwa mkono mmoja, kitambaa kikishikiliwa na tofali. Sare za shule zilipofika hakuweza kuzimaliza. Wateja walichukua vitambaa vyao kwa maneno mazuri na hawakurudi. Mahenge hakukanyaga tena dukani. Alimtuma wakili, ambaye aliandika kwamba mkono ni mali ya marehemu mkewe na urudishwe kwa mjane wake wa kiume. Ombi lake lilikataliwa. Mjini walianza kusema Oresta amemsingizia mtu mwema kwa sababu ya chuma kibovu, na siku nyingine, akiwa peke yake, naye aliwaza hivyo.

Siku ya kusoma, aliyeitwa kuufungua mkono ni Editruda. Oresta hakuwa amemwona tangu ile asubuhi. Alikuwa amesikia kwamba wakili wa Mahenge alionekana akitoka Kituo cha Viungo jana yake, na usingizi ulikuwa umemwisha kwa sababu hiyo. Mkono ulilala juu ya meza mbele ya hakimu, waya umechomekwa, skrini kubwa ukutani ikiwaonesha wote. Editruda alianza kuandika.

faili = fungua("mwendo", "

Hapo alisimama. Vidole vyake vilining'inia juu ya herufi. Neno lililokuwa linafuata lilikuwa na herufi chache, na moja katika yale maneno matatu lingemwondoa Digna duniani mara ya pili, mbele ya mahakama, bila mtu kuweza kusema kama ni kosa la kidole au la moyo. Oresta alisimama bila kujua. Askari alimgusa bega aketi. Mahenge, katika kizimba, hakutazama ukuta, alimtazama Editruda.

Editruda alivaa miwani yake. Akaandika s. Akaandika o, m, a.

Walisoma kwa siku mbili. Mistari ya juu ilikuwa imeshapotea, miezi ya kwanza ya Digna na mkono wake, na Oresta alijua imekwendea wapi: kwenye matundu ya vifungo vya watu. Lakini iliyobaki ilikuwa mingi. Ilisomwa kama ilivyo, bila mapambo. Menya kiazi. Funga kitasa. Funga kitasa tena. Darizi tundu. Sauti ya pili, imepanda: kinga uso. Sukuma mlango. Jifute shavu. Mama Yustina alikaa mstari wa mbele ameinamisha kichwa, na kila lilipofika jambo la faragha, alifumba macho kama anayempisha mtu avae.

Mistari ya mwisho ya Digna ilikuwa na tarehe ambayo kila mtu mahakamani aliijua. Karani aliisoma kwa sauti iliyoanza kukwama. Sauti ya pili, imepanda. Kinga uso. Shika ukingo wa ngazi. Kidole kidogo: kimefunguliwa, nguvu ya nje. Cha pete: kimefunguliwa, nguvu ya nje. Cha kati: kimefunguliwa, nguvu ya nje. Mtu aliyeteleza hafunguliwi kidole kimoja kimoja.

Wakili alikuwa ameandaa maswali mengi kuhusu bohari. Aliuliza mawili, akaketi. Mahenge alikuwa akiviangalia vidole vyake mwenyewe. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akapitishwa mlango wa pembeni bila kugeuka, na Oresta, aliyekuwa ameisubiri siku ile, alijikuta akilia kwa jambo alilokuwa hawezi kulieleza mtu, kwamba kuni zile za wakati wa baridi zilikuwa kuni za kweli.

*

Wiki iliyofuata walikutana wanawake watatu katika chumba cha Editruda. Sheria ilimpa mama uamuzi.

"Wameshamsoma inatosha," alisema Mama Yustina. "Yaondoke."

Editruda alieleza atakavyofanya. Angefungua faili la zamani kwa kusoma, na jipya kwa kuandika, apite mstari kwa mstari. Wenye tarehe ya Oresta angeuvusha, wa Digna angeuacha. Mwisho faili la zamani lingefutwa. Oresta angebaki na kushika mkasi, kupima, kukata. Matundu ya vifungo, kwa kuwa mkono uliyajua kwa Digna, angelazimika kujifunza upya.

"Nitajifunza," Oresta alisema.

"Ningetaka kukuuliza jambo, dada Editruda," alisema tena, kwa sauti ya chini, alipokuwa akifungiwa mkono begani. "Siku ile ulisimama. Kwa nini?"

"Watu wa Mahenge waliniahidi mambo. Nilikuwa nimeshawakatalia." Editruda alikaza mkanda. "Nilisimama kwa sababu nilijua unanishuku. Nilikuwa nataka uone vizuri kila herufi."

Oresta alitaka kuomba radhi, lakini Editruda alikuwa ameshageukia skrini. "Uwasheni kwanza," alisema bila kuwatazama. "Mimi sina haraka."

Oresta alibonyeza upande wa ndani wa kifundo. Mlio mdogo ulisikika, vidole vikajinyoosha. Yeye na mama walikaa wakitazamana, magoti kwa magoti.

"Sasa nifanye nini?" Mama Yustina aliuliza. "Nizungumze naye?"

Aliposema hivyo mkono ulinyanyuka. Oresta aliulegeza mwili wote ili usimzuie. Ulipita uso wa mama bila kuugusa, ukaenda begani, penye fundo la kitenge lililolegea kama kawaida yake. Vidole vililifungua, vikazivuta ncha mbili za kitambaa, vikalisuka fundo upya, vikalikaza kwa mvuto mmoja mkali wa mtu aliyelifanya hilo mara nyingi na kuchoka kulifanya.

"Acha bwana," alisema mama kwa ukali mdogo, akiupiga kofi jepesi ule mkono. "Kila siku nakwambia, hakinidondoki."

Kisha akasikia alichokisema. Mkono ulirudi taratibu kwenye paja la Oresta.

Kazi ya Editruda ilimalizika kabla ya mchana. Mama Yustina hakukubali kulala Njombe. Pareto yake ilikuwa nje na mvua ilikuwa inakuja. Alisafiri hadi Bulongwa na fundo lile begani, akaanua pareto nalo, na jioni, alipotaka kuvua, alikuta limekazwa mno. Akalala nalo.